Usakinishaji wa geji za ziada katika simuleta ya ndege

Usakinishaji wa geji za ziada ni kazi ya kuongeza kifaa kipya cha kuonyesha vipimo, kama vile spidi, kimo, mafuta au joto la injini, kwenye paneli ya ndege iliyomo ndani ya simuleta ya kompyuta. Makala hii inahusu hasa Microsoft Flight Simulator 2004 (iliyotolewa mwaka 2003, hufupishwa FS2004 au FS9) na Microsoft Flight Simulator X (iliyotolewa mwaka 2006, hufupishwa FSX). Watu wa kujitolea waliandika geji nyingi sana kwa ajili ya programu hizo mbili na kuzigawa bure. Utaratibu wake uliendelea kwa mabadiliko machache katika Prepar3D ya kampuni ya Lockheed Martin, na mabaki yake yanaonekana hata katika Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020.

Kazi yenyewe ina hatua mbili tu: kuweka faili ya geji mahali ambapo simuleta itaiona, kisha kuandika mstari mmoja ndani ya faili inayoitwa panel.cfg. Ugumu wake ni kwamba simuleta hukaa kimya pale mambo yanapoharibika. Geji isiyopatikana kwa kawaida haileti ujumbe wowote wa kosa. Mahali pake panabaki tundu tupu kwenye paneli. Geji inayopatikana lakini inasoma vibaya ni tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa sindano yake inatembea vizuri na rubani wa mezani anaiamini.

Geji na paneli

Katika ndege halisi geji ni kile kifaa cha duara au kioo kilicho mbele ya rubani, sawa na geji ya mafuta au ya joto ambayo kila dereva anaijua. Paneli ni ubao unaobeba vifaa hivyo vyote, yaani dashibodi ya ndege.

Katika simuleta vitu hivi viwili vimetenganishwa kabisa. Paneli ni picha, na juu yake geji hubandikwa moja moja. Kila geji ni programu ndogo inayojitegemea: inaiuliza simuleta thamani fulani, kwa mfano kimo cha ndege kwa futi, halafu inachora sindano au tarakimu kulingana na jibu. Ndiyo maana geji iliyotengenezwa kwa ajili ya Cessna inaweza kuhamishiwa kwenye Boeing. Itafanya kazi, ingawa si lazima iwe na maana: geji ya spidi inayoishia noti 200 itagonga mwisho muda mfupi baada ya ndege ya abiria kuruka.

Geji si lazima ionyeshe kitu. Swichi, kitufe cha redio, hata sauti ya tahadhari, vyote huandikwa kama geji. Zipo pia geji zisizoonekana kabisa, zinazofanya hesabu tu nyuma ya pazia, na mtu anayesafisha panel.cfg akidhani anaondoa takataka anaweza kuzifuta na kuharibu vifaa vingine vinavyozitegemea.

Aina mbili za faili

Faili za geji ni za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kazi hii.

Aina ya kwanza huishia na .gau. Hii ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya C au C++ na kukusanywa kuwa lugha ya mashine. Kwa hakika ni faili ya kawaida ya DLL ya Windows iliyobadilishwa jina la mwisho. Huwezi kuifungua na kuisoma, wala kubadilisha kilichomo bila msimbo asilia wa mtunzi. Faili moja ya .gau inaweza kubeba geji kumi au ishirini ndani yake.

Aina ya pili huishia na .cab. Hili ni furushi lililobanwa, kama zip, na ndani yake mna faili za XML pamoja na picha za bmp. Windows yenyewe inaweza kulifungua, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kutazama geji imeandikwaje, kurekebisha rangi au kubadilisha kizio. Simuleta pia inakubali folda ya kawaida yenye jina lilelile badala ya furushi: mafuta.cab na folda iitwayo mafuta ni kitu kimoja machoni pake. Wanaojifunza kutengeneza geji hufanyia kazi kwenye folda, na hulibana furushi mwishoni tu.

Msimbo wa geji za XML hutumia mpangilio wa hesabu ambao humshangaza anayeuona kwa mara ya kwanza. Namba hutangulia, alama ya hesabu hufuata. Ukitaka lita za mafuta kutoka kwenye galoni za Marekani, unaandika hivi:

(A:FUEL TOTAL QUANTITY, gallons) 3.785 *

Maana yake ni: chukua jumla ya mafuta kwa galoni, chukua 3.785, zidisha. Herufi A inaonyesha kwamba thamani inatoka kwenye simuleta. Herufi L hutumika kwa thamani ambazo mtunzi wa geji amejiwekea mwenyewe.

Mahali pa kuweka faili

Kuna sehemu mbili zinazokubalika. Ya kwanza ni folda iitwayo Gauges iliyo ndani ya folda kuu ya simuleta. Kwenye Windows ya biti 64, FSX iliyosakinishwa bila kubadilisha chochote hukaa hapa:

C:\Program Files (x86)\Microsoft Games\Microsoft Flight Simulator X\Gauges

Ya pili ni folda ya panel ya ndege yenyewe, palepale ilipo panel.cfg. Katika FS2004 ndege zimo ndani ya folda ya Aircraft. Katika FSX zimo ndani ya SimObjects\Airplanes. Simuleta hutazama kwanza kwenye folda ya panel ya ndege, na ikikosa huenda kwenye Gauges.

Maelekezo mengi yanayokuja na geji husema faili iwekwe kwenye Gauges, na watu hufanya hivyo bila kufikiri. Kwa geji itakayotumiwa na ndege nyingi ni sawa. Kwa geji ya ndege moja, ni afadhali sana iwekwe kwenye folda ya panel ya ndege hiyo. Sababu ni majina. Watunzi wa geji hawakuwa na daftari la pamoja la kuandikisha majina, na faili zenye majina ya kawaida kama vile jina la aina ya ndege au la kifaa hujirudia kutoka kwa mtunzi mmoja hadi mwingine. Windows itauliza kama unataka faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Ukibofya ndiyo, geji mpya itafanya kazi vizuri kwenye ndege mpya, na ndege nyingine ambayo hukuigusa itaamka na matundu kwenye paneli yake. Uharibifu huo huonekana baada ya wiki au miezi, mtu anapoichagua ile ndege ya zamani, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka faili gani ilibadilishwa lini.

Kwa hiyo swali hilo la Windows lijibiwe hapana, hadi faili mbili zilinganishwe kwa tarehe na ukubwa. Kama ni matoleo mawili ya geji ileile, toleo jipya kwa kawaida ndilo la kubaki. Kama ni geji tofauti zenye jina moja, ile mpya iende kwenye folda ya panel.

Baadhi ya geji huja na faili za ziada: picha, sauti, faili ya mipangilio, au moduli ambayo lazima iwe imesakinishwa kabla. Mfano maarufu wa moduli kama hiyo ni FSUIPC, inayokaa kwenye folda ya Modules. Faili ya maelezo iliyomo kwenye zip ndiyo itakayosema. Inafaa kuitunza pamoja na zip nzima, maana vitu vya bure hupotea. Mwezi Mei 2009 wavamizi waliharibu seva za tovuti ya AVSIM, iliyokuwa moja ya hifadhi kubwa za faili za namna hii.

Kuandika mstari katika panel.cfg

Faili ya panel.cfg ni maandishi matupu, na programu ya Notepad inatosha. Kabla ya kuigusa, simuleta ifungwe na nakala ya faili ihifadhiwe kando kwa jina lingine, kwa mfano panel_asili.cfg.

Windows kuanzia Vista inalinda folda ya Program Files. Ukijaribu kuhifadhi mabadiliko moja kwa moja humo, unaweza kukataliwa, au mabadiliko yakapelekwa kimyakimya kwenye folda iliyofichwa iitwayo VirtualStore, ukabaki kushangaa kwa nini simuleta haioni ulichoandika. Njia rahisi ni kunakili panel.cfg hadi kwenye eneo-kazi, kuihariri hapo, kisha kuirudisha. Wengi huikwepa shida hii kabisa kwa kusakinisha simuleta nje ya Program Files, kwa mfano kwenye C:\FSX.

Hivi ndivyo mwanzo wa faili hiyo unavyoweza kuonekana:

[Window Titles]
Window00=Paneli kuu
Window01=Redio

[Window00]
file=uso.bmp
size_mm=640,480
position=7
visible=1
ident=MAIN_PANEL

gauge00=vifaa!Spidi, 100,250,90,90
gauge01=vifaa!Kimo, 300,250,90,90

Kila dirisha la paneli lina sehemu yake, na chini ya kila dirisha zimeorodheshwa geji zake kwa namba zinazofuatana. Ili kuongeza geji ya mafuta iliyomo kwenye mafuta.cab, unaandika mstari mpya mwishoni mwa orodha ya dirisha hilo:

gauge02=mafuta!Tangi, 420,300,80,80

Kabla ya alama ya mshangao ni jina la faili bila .cab wala .gau. Baada yake ni jina la geji iliyomo ndani. Kwa furushi la XML jina hilo ni jina la faili ya XML, hivyo hapa furushi linapaswa kuwa na Tangi.xml. Kwa .gau jina limefungiwa ndani ya programu na haliwezi kukisiwa. Hupatikana kwenye maelezo ya mtunzi au kwenye panel.cfg ya ndege iliyokuja na geji hiyo. Kosa la herufi moja linatosha kuifanya geji isionekane.

Namba nne zinazofuata ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo cha geji. Namba hizi si pikseli za skrini. Zinapimwa kwa size_mm ya dirisha husika, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Chukua mstari kutoka kwenye paneli yenye size_mm ya upana wa 640 na kuubandika kwenye paneli yenye upana wa 1024: geji itaonekana ndogo, na imesogea kushoto na juu, labda juu ya kifaa kingine. Namba zote nne zinahitaji kuzidishwa kwa 1.6, yaani 1024 kugawa kwa 640. Geji iliyokuwa katikati kwenye 320 sasa inakwenda 512. Upana na kimo vikiachwa bila kuandikwa, geji huchorwa kwa ukubwa wake wa asili.

Geji iliyoandikwa baadaye huchorwa juu ya iliyotangulia. Mtu anaweza kulitumia hilo kufunika kifaa cha zamani kwa kipya bila kufuta kitu. Inaweza pia kutokea kwa bahati mbaya, na geji nzima ikalala chini ya nyingine pasipo kuonekana.

Namba ya geji isirudiwe ndani ya dirisha moja. Kukiwa na gauge02 mbili, moja haitaonekana. Mistari ikifutwa katikati ya orodha, ni desturi nzuri kuzipanga upya namba zilizobaki. Anayetaka kujaribu kwanza bila kufuta huweka mikwaju miwili mbele ya mstari, // hivi, na simuleta huuruka.

Mara nyingi paneli kuu haina nafasi. Suluhisho ni dirisha jipya linalofunguka na kufungwa. Kwanza linaongezwa kwenye orodha ya majina, kisha linaandikiwa sehemu yake:

Window02=Mafuta

[Window02]
Background_color=0,0,0
size_mm=200,200
window_size=0.2,0.25
position=8
visible=0
ident=15002

gauge00=mafuta!Tangi, 0,0,200,200

Namba ya position hutoka 0 hadi 8, ikihesabu kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kwa hiyo 8 ni kona ya chini kulia. Mstari wa window_size unasema dirisha lichukue sehemu gani ya skrini: hapa moja ya tano ya upana na robo ya kimo. Thamani ya visible ikiwa 0, dirisha halifunguki lenyewe. Hufunguliwa kutoka kwenye menyu ya Views, au kwa Shift pamoja na namba yake katika orodha. Namba ya ident isifanane na ya dirisha lingine lolote katika faili hiyo.

Jambo moja kuhusu picha: rangi nyeusi kabisa, yaani 0,0,0, huchukuliwa kuwa uwazi. Geji yenye uso mweusi wa namna hiyo itaonekana kama tundu, na kinachoonekana ndani yake ni kilichoko nyuma. Watengenezaji huepuka hilo kwa kutumia weusi uliopunguzwa kidogo, kama 1,1,1 au 5,5,5, ambao jicho haliutofautishi.

Chumba cha rubani cha pande tatu

Yote yaliyoelezwa hapo juu ni ya paneli bapa. Chumba cha rubani cha pande tatu, ambamo mtumiaji anageuza kichwa na kutazama huku na huku, kina sheria kali zaidi. Katika panel.cfg sehemu zake huitwa [Vcockpit01], [Vcockpit02] na kuendelea, na mistari ya geji imeandikwa vilevile. Vipimo vya geji hupimwa kwa size_mm kama kawaida, pixel_size huweka ukubwa wa picha kwa pikseli, na picha inayopatikana hubandikwa kwenye umbo la ndege kupitia jina lililo kwenye mstari wa texture.

Umbo hilo limo ndani ya faili ya mdl na halibadilishwi kwa Notepad. Mtengenezaji wa ndege ndiye aliyeamua ni vipande vipi vya dashibodi vitabeba geji. Mahali ambapo hakuacha kipande, huwezi kuongeza kitu. Unachoweza ni kubadilisha geji iliyopo kwa nyingine ya ukubwa ileile, au kutafuta kona tupu ndani ya kipande kilichopo, jambo ambalo huhitaji kujaribu namba mara nyingi. Vilevile sindano nyingi za kisasa katika FSX si geji kabisa: ni sehemu za umbo la ndege zinazotembea zenyewe, na panel.cfg haina habari nazo. Anayetafuta mstari wa kuzibadilisha hataupata.

Geji inapokataa kuonekana

Ukaguzi uanze na jina. Windows huficha viendelezi vya faili, na panel.cfg iliyohifadhiwa na Notepad inaweza kuwa imegeuka panel.cfg.txt huku ikionekana sawa kabisa kwenye skrini. Kuonyesha viendelezi katika mipangilio ya folda ni jambo la kwanza ambalo kila anayefanya kazi hii angepaswa kulifanya.

La pili ni kuhakikisha umehariri paneli inayotumika. Ndege moja inaweza kuwa na paneli kadhaa: folda ya panel, na labda panel.ifr. Faili ya aircraft.cfg ndiyo inayosema; mstari wa panel= ukiwa mtupu hutumika folda ya panel, na ukiwa na neno ifr hutumika panel.ifr. Pia panel.cfg yenyewe inaweza kuwa fupi ajabu, yenye mistari miwili tu:

[fltsim]
alias=c172\panel

Maana yake ni kwamba ndege hii inaazima paneli ya ndege nyingine, na hapo ndipo pa kwenda. Kumbuka kwamba ukiibadilisha paneli iliyoazimwa, ndege zote zinazoiazima zitabadilika pamoja.

FSX ina ulinzi wake. Inapokutana na .gau isiyo na saini inayotambulika, humuuliza mtumiaji kama aiamini. Jibu huandikwa kwenye fsx.cfg, katika sehemu ya [Trusted], na swali halirudiwi. Aliyebofya hapana kwa haraka atatafuta kosa kwenye panel.cfg siku nzima bila kulipata. Dawa ni kufuta mstari wa geji hiyo tu katika [Trusted], kisha kuchagua ndege upya na kujibu swali likitokea tena.

Umri nao huhesabika. Geji nyingi za .gau zilizoandikwa wakati wa FS98, mwaka 1997 na baada yake, hazifanyi kazi katika FSX. Baadhi hazionekani, nyingine huifunga simuleta ghafla. Na kuanzia Prepar3D toleo la 4, lililotoka mwaka 2017, programu ilihamia biti 64, na .gau za biti 32 hazipakiwi kabisa. Hakuna ujanja wa Notepad utakaosaidia. Lazima mtunzi aikusanye upya. Geji za XML zilivuka salama zaidi kwa kuwa ni maandishi tu.

Kuhakiki usomaji

Geji ikishaonekana watu hufurahi na kuishia hapo. Lakini kuonekana si kusoma sawa, na simuleta haitamwambia mtu kwamba geji yake inadanganya.

Njia ya haraka ni Shift+Z, inayoonyesha juu ya skrini spidi, kimo na mwelekeo kama simuleta yenyewe inavyovijua. Geji mpya ya spidi ilinganishwe na maandishi hayo ndege ikiwa imetulia hewani. Geji ya kimo hupimwa ardhini: iweke ndege kwenye uwanja ambao kimo chake kinajulikana na ubonyeze herufi B ili shinikizo la hewa lirekebishwe. Kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, inapaswa kusoma zaidi kidogo ya futi 5,300. Kwenye uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, chini ya futi 200. Kujaribu kwenye viwanja viwili vyenye tofauti kubwa ni bora kuliko kimoja, kwa sababu geji iliyokosewa kizio inaweza kubahatisha karibu na sifuri na kupotoka sana juu.

Mafuta yanahitaji uangalifu wa pekee. Simuleta huyaonyesha kwa galoni za Marekani au kwa paundi, wakati anayejifunza urukaji Afrika Mashariki amezoea kununua mafuta kwa lita. Geji za lita zipo, na baadhi zina kosa la kikokotoo. Weka galoni 40 kwenye tangi kupitia menyu ya mafuta. Geji sahihi itasoma takribani lita 151. Ikisoma takribani 182, mtunzi alitumia galoni ya Uingereza, yenye lita 4.546. Kwa geji ya XML marekebisho ni ya namba moja. Au badala ya kuzidisha, andika liters mahali pa gallons na uiachie simuleta ibadilishe yenyewe.

Hili si jambo la wachezaji peke yao. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu ya Kanada. Geji zake za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, na waliohesabu mafuta ya kujaza walitumia kizidisho cha paundi mahali palipotakiwa kilo. Marubani waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, na watu wote wakasalimika. Mwanafunzi wa urubani anayetumia simuleta kuzoeza macho yake kuzungukia vifaa anajenga mazoea atakayoyabeba hadi kwenye ndege ya kweli. Akizoea geji inayozidisha mafuta kwa asilimia 20, anazoea kosa.

Usalama wa kompyuta

Geji ya .gau ni programu kamili. Inapopakiwa hupata ruhusa zote alizonazo aliyeifungua simuleta: kusoma nyaraka, kufuta faili, kuwasiliana kupitia intaneti. Wanaoendesha simuleta kwa ruhusa za msimamizi, kama inavyopendekezwa mara nyingi ili kuondoa usumbufu wa Program Files, wanaipa geji ruhusa hizohizo. Kwa hiyo .gau ichukuliwe kutoka kwa mtunzi mwenyewe au hifadhi inayojulikana, na ipitishwe kwenye programu ya kuzuia virusi kabla ya kunakiliwa. Geji za XML hazina hatari hiyo kwa kiasi kilekile, na zinaweza kusomwa kwanza. Mtu akiwa na chaguo kati ya geji mbili zinazofanya kazi moja, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua .cab.

Matoleo ya baadaye

Katika Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, iliyotengenezwa na Asobo Studio ya Ufaransa, panel.cfg bado ipo na sehemu za Vcockpit bado zinaandikwa, lakini mistari mingi sasa huanza na htmlgauge badala ya gauge. Vioo vya kisasa huandikwa kwa HTML na JavaScript kama kurasa za wavuti, na msimbo wa C++ hukusanywa kuwa WebAssembly ili usiweze kugusa kompyuta moja kwa moja. Faili za .gau za zamani hazina nafasi humo.

Mahali pa kuweka vitu pia pamebadilika. Nyongeza huwekwa kwenye folda ya Community, kila moja katika folda yake, hivyo tatizo la majina yanayogongana limepungua. Badala yake kumekuja jipya: kila nyongeza ina faili ya layout.json inayoorodhesha faili zake zote pamoja na ukubwa wake. Geji iliyoongezwa bila kuandikwa kwenye orodha hiyo haionekani, hata kama panel.cfg imeandikwa sawasawa, na simuleta, kama kawaida yake, haitasema lolote.